Bibi Aliomba Maji, Mimi Nikampigia Mjomba Simu

Mpenzi msomaji, wiki hii nakuja kwako nikiwa na haya usoni. Kama una glasi ya maji hapo karibu, kunywa kwanza ndipo uendelee, maana habari yenyewe ni ya maji, na mwenye kiu alikuwa bibi yangu mzaa mama.

Mimi ni mtoto wa mjini. Nimekulia Mbagala Rangi Tatu, kidato cha nne nimemalizia huku huku, na hizi makala ninazokuletea naziandikia juu ya ndoo iliyofunikwa, mlangoni kwetu. Ukiniuliza kabila nakujibu bila kusita: Mmakonde. Lakini ni Umakonde wa kujaza kwenye fomu tu. Lugha yenyewe hola! Mama anasema nilipokuwa na miaka mitatu nilikuwa nakisema Kimakonde mpaka wageni wanacheka. Baadaye akaona mtoto atatengwa na wenzake mtaani, akaamua nyumbani kiongelewe Kiswahili peke yake. Simlaumu. Wazazi wengi wa Dar wamefanya hivyo.

Ila kuna kosa moja ambalo si la mama, ni langu. Nikiwa darasa la pili, Bibi alikuja Dar kututembelea, na siku moja akanifuata shuleni na kifuko cha korosho. Bibi ana nembo za kuchanjwa usoni, zile za wazee wa Kimakonde wa zamani, na mdomo wa juu una tundu la ndonya. Wenzangu walipomwona wakaanza kucheka na kunong'onezana. Mmoja akaniuliza, "Yule ni nani wako?" Nikajibu, "Ni jirani yetu." Kisha nikaenda kupokea korosho kwa jirani yetu huyo. Bibi hakusikia, au alisikia akanyamaza. Mpaka leo sijui.

Sasa tuje kwenye kiu. Mwaka jana Bibi aliletwa tena Dar kutoka Newala kutibiwa macho. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni vizuri hata mlango uko wapi. Zamani Kiswahili chake kilikuwa kinamtosha kabisa, tena cha matani. Huniita "mume wangu", si unajua utani wa bibi na mjukuu. Lakini uzee una mambo yake. Siku hizi akichoka au akipata homa, Kiswahili kinamkimbia, kinabaki kile alichonyonya kwa mama yake.

Siku hiyo mama alikuwa kwenye biashara yake ya samaki wa kukaanga, mimi nimeachiwa Bibi. Joto la Mbagala usiombe. Mchana Bibi akaamka, mwili unachemka, akaanza kuita kwa sauti ndogo, "Medi... medi..."

Nikajua anamtafuta mjomba. Mjomba wangu anaitwa Mohamedi, na sisi wote tunamwita Medi. Nikasema, maskini, mzee anamkumbuka mwanawe. Nikatoa simu, nikapiga. Ikaja ile sauti ya dada tunayemjua wote. Nikapiga mara ya pili, yale yale. Ndipo nikamwinamia Bibi na kumwambia kwa upole, tena nikipaza sauti ili asikie vizuri:

"Bibi, Medi hapatikani."

Akanitazama kwa yale macho yenye ukungu. "Medi?"

"Hapatikani kabisa, Bibi. Labda jioni."

Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani, akatulia. Nami nikarudi mlangoni kwenye ndoo yangu, nimeridhika kwamba nimemhudumia mgonjwa.

Nyumba yetu ni ya kupanga, ina vyumba vinane, na kila chumba kina kabila lake. Chumba cha tatu wanaishi Wayao wa Tunduru, wana binti wa miaka minane ambaye kazi yake ni kuingia kila chumba bila hodi. Kama saa moja baadaye akaingia kwetu, akakaa karibu na Bibi, kisha akatoka mbio.

"Anko, bibi anataka maji."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Anasema medi. Kwetu bibi yangu anasema mesi. Si ni maji hayo?"

Msomaji, niliganda kama nguzo ya umeme. Yaani bibi yangu aliomba maji, nikamjibu kwamba hayapatikani. Na yeye, kwa kuwa anaijua Dar na migao yake ya maji, akaamini! Akageukia ukutani kuisubiri jioni. Na ndoo niliyokuwa naandikia juu yake ilikuwa imejaa mpaka kwenye mfuniko.

Alikunywa vikombe viwili bila kupumzika. Cha tatu akakishika kwa mikono miwili, akaniuliza kwa Kiswahili kilichokuwa kimeanza kumrudia, "Yamepatikana, mume wangu?" Nikasema, "Yamepatikana, Bibi." Nikatoka nje, nikaenda kusimama nyuma ya bafu mpaka nilipojiona naweza kurudi.

Mume gani huyo asiyejua mkewe anaomba maji?

Usiku ule sikulala. Nilifikiria wale watoto wa uani kwetu. Wote wanapiga Kiswahili safi cha mjini, na wengine wanasoma shule za Kiingereza. Lakini kila mmoja ana bibi au babu mahali fulani: Bukoba, Tukuyu, Shinyanga, Moshi, Rorya. Siku babu huyo akishikwa na kiu, nani atamwelewa?

Nilitaka kufanya kitu, na mimi si mwalimu. Nikamwendea jirani yetu fundi mchora mabango, ambaye pia huchora Tingatinga akipata mteja. Nikamweleza. Akacheka sana kuhusu simu, kisha akanyamaza. Akanifungulia makopo yake ya masalio: nyekundu, bluu, njano, kijani, kila kopo na kidogo chake. Akaniambia nisidharau rangi za masalio. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, hakusoma chuo chochote cha uchoraji. Alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 hapa hapa Dar, akitumia rangi za mafuta za kawaida za dukani kwenye vipande vya ubao wa dari. Alifariki mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 40, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi, na leo mtindo huo unajulikana duniani kwa jina lake. "Sasa wewe na ukuta mzima unaogopa nini?" akasema fundi.

Ukuta wenyewe ni ule wa bafu, unaotazamana na bomba. Bomba letu linauza maji kwa mtaa mzima, hivyo ukuta huo unatazamwa na watu wengi kuliko runinga. Shida ikawa mwenye nyumba, mzee wa Kizigua kutoka Handeni, ambaye watoto wakichora ukutani kwa mkaa huwatimua na bakora. Nilimfuata jioni kibarazani. Akanisikiliza huku anasokota kibandiko cha redio yake. Mwishowe akasema, "Chora. Lakini cha Kizigua kikae juu. Nyumba ni ya nani?" Nikamuuliza maji Kizigua ni nini. "Mazi," akasema, na akalirudia peke yake kama mtu aliyeonja kitu cha zamani. "Mazi."

Kazi niliyowapa watoto ilikuwa rahisi. Kila mmoja akatafute kwao maji yanaitwaje, na yanapatikanaje. Ajichoree na kuandika mwenyewe. Nilidhani watajibu hapo hapo. Wapi! Kati ya watoto kumi, waliolijua neno ni watatu tu: Binti Tunduru, mtoto wa mlinzi wa Kimaasai, na mvulana mmoja wa Rorya. Waliobaki walirudi vyumbani kuuliza wazazi, na baadhi ya wazazi nao ikabidi wapige simu kijijini. Jioni ile uani kwetu ilikuwa simu tu. Baba mmoja wa Tukuyu aliweka sauti kubwa, mama yake akawa anacheka kule upande wa pili, halafu akagoma kukata. Alitaka kuongea na mjukuu. Waliongea mpaka salio likaisha, na nina hakika hakuna aliyemwelewa mwenzake zaidi ya neno moja. Lakini hilo moja walilirudia mara nyingi.

Jumamosi tukaanza. Mtoto wa Tukuyu akachora mvua na migomba, akaandika "amisi". Wa Shinyanga akachora ng'ombe wengi wakinywa kwenye lambo, akaandika "minzi". Wa Moshi akachora mlima Kilimanjaro wenye theluji na mfereji unaoshuka mpaka shambani, akaandika "mringa". Wa Rorya akachora Ziwa Victoria na mtumbwi, akaandika neno fupi kuliko yote, "pi", wenzake wakamtania kwamba Wajaluo wanabana matumizi. Mtoto wa mlinzi akachora ng'ombe mmoja mkubwa, na karibu yake kisima kidogo, akaandika "enkare". Nikamwambia neno lake ni maarufu sana, kwa kuwa jina la jiji la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji ya baridi. Siku nzima akawa anatembea kifua mbele kama mwenye Nairobi.

Usidhani yote yalikwenda vizuri. Chumba cha saba kuna mama mmoja wa Bukoba, mwanawe anasoma shule ya Kiingereza kwa ada ya kujinyima. Alimkuta mtoto ana rangi mpaka masikioni. Akamshika mkono. "Kaka, mimi nalipa hela mtoto ajue Kiingereza, wewe unamrudisha kwenye kilugha? Kilugha kitampa kazi?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nina cheti cha kidato cha nne na sina kazi, ningemjibu nini? Mtoto akaingizwa ndani analia. Baada ya muda akaruhusiwa kutoka, kwa masharti kwamba aandike Kiingereza tu. Akaandika "water", tukampa nafasi nzuri kama wenzake. Maji ni maji. Lakini picha aliyoichora chini ya neno hilo ilikuwa ya bibi mmoja amekaa chini ya mgomba, na hakuna aliyemwambia achore hivyo.

Kwa Kihaya nikaandika mimi mwenyewe kwa kuotea. Nilikuwa nimesikia mahali ni "maizi", nikaliweka pembeni.

Jioni tukiwa tumechoka, Binti Tunduru akachukua chaki na kuanza kuunganisha maneno kwa mistari. Maji kwenda mazi. Mazi kwenda mesi. Mesi kwenda medi. Medi kwenda amisi na minzi. "Anko," akasema, "haya ni ndugu. Haya mengine ni wageni."

Kwa faida yako msomaji, wataalamu wa lugha nao husema hivyo hivyo, ila wao hutumia vitabu vinene. Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Nyingi ni za Kibantu, Kiswahili kikiwemo, ndiyo maana maneno yake yanafanana kama watoto wa mama mmoja. Kimaasai na Kijaluo ni wa ukoo mwingine, Wairaqw wa Mbulu wana ukoo wao, na Wasandawe na Wahadzabe wana lugha zenye sauti za kudata ulimi ambazo ukijaribu utajiuma. Koo zote hizo ziko ndani ya mipaka ya nchi moja. Binti wa miaka minane aliziona tofauti hizo kwa kipande cha chaki, na kwa masikio yale yale alikuwa ameshamwokoa bibi yangu.

Sisemi tuache Kiswahili, la hasha! Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kugombea foleni bombani bila mkalimani. Tangu mwaka 1967 ndicho kinachofundishiwa shule zetu za msingi za serikali, na tangu mwaka 2022 dunia nzima inakiadhimisha kila tarehe 7 Julai. Lakini hata lugha za mama zina siku yao, tarehe 21 Februari, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2000. Ilichaguliwa kwa kumbukumbu ya wanafunzi waliouawa Dhaka mwaka 1952 wakidai lugha yao ya Kibengali itambuliwe. Wenzetu walikufa kwa ajili ya lugha ya mama. Mimi yangu niliikana kwa ajili ya wenzangu wa darasa la pili.

Usiku, foleni ya maji ikiwa imepungua, nilimwona yule mama wa Bukoba amesimama na ndoo yake mbele ya ukuta, anamulika kwa simu. Nikajua leo nimekwisha. Akaniita.

"Hii nani kaandika?"

"Mimi, dada."

"Mmekosea. Si maizi. Ni a-maizi. Mnaachaje A?" Akaniomba brashi. Akaiweka ile A kwa mkono wake, kubwa, nyekundu, akarudi nyuma kidogo kuitazama. Kisha akamwita mwanawe aje alisome. Mtoto akalisoma kwa lafudhi ya Kiingereza, mama akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Hatukuongea tena habari za ada.

Sehemu yangu ya ukuta niliiacha mwisho. Mama alinisimulia nisichokijua. Kule kwenye nyanda za juu za Newala mito hakuna. Zamani, kabla ya mabomba, wanawake waliteremka ule mteremko mkali mpaka bondeni, wakajaza mitungi, wakapanda nayo kichwani. Bibi alifanya hivyo utoto wake wote. Kwa hiyo siku ile alipoambiwa hayapatikani, hakugombana na mtu, kwa kuwa alizoea kuambiwa hivyo na ardhi yenyewe. Nikachora mwanamke na mtungi anapanda kilima, na usoni nikamwekea nembo. Fundi akanisaidia mikono, mikono ilinishinda. Chini nikaandika "medi".

Bibi alifanyiwa upasuaji wa jicho moja. Walipomtoa bandeji na kumrudisha nyumbani, alishuka kwenye bajaji, akasimama kwenye bomba, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Kusoma hajui, lakini picha hazihitaji shule. Alimfikia yule mwanamke mwenye mtungi, akamgusa nembo za shavuni kwa kidole, kisha akajigusa za kwake.

Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Kijana mmoja mwenye madumu, mgeni mtaani, akawa anamtazama Bibi, anautazama ukuta, anarudi kumtazama Bibi. Akaniuliza, "Oya, yule mzee ni nani?"

Nikajibu kwa sauti, foleni nzima isikie: "Ni bibi yangu."

Miaka mingi imepita tangu zile korosho, na najua jibu hilo limechelewa. Lakini Bibi aligeuka. Safari hii nina hakika alisikia.

Sasa nina daftari. Kila jioni Bibi ananipa maneno mawili ya Kimakonde, na Binti Tunduru ananisahihisha ingawa yeye ni Myao. Watoto wanataka tukimaliza maji tuchore chakula, na mwenye nyumba ameshasema cha Kizigua kikae juu. Tunaishi Rangi Tatu, lakini ukutani kwetu sasa zipo rangi ambazo sijui hata majina yake. Na wewe msomaji, leo hii mpigie mzee wako mmoja kijijini, umuulize neno moja tu. Kisha mpe mtoto wako kipande cha mkaa na ukuta ambao hauuonei huruma.

Jambo la mwisho nililisahau. Siku ile ile ya kiu, saa tatu usiku, simu yangu iliita. Alikuwa mjomba Medi.

"Nimekuta umenipigia mara mbili. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mjomba," nikamwambia. "Tulikuwa tunatafuta maji."